Hoja ya Merritt Colby

Bili za kodi ya majengo na ardhi zilipofika Desemba ile, Merritt Colby aliingia dukani kwangu kichwa wazi. Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio, na Merritt ni mtu ambaye hata kanisani huvua kofia kwa shingo upande. Nikajua kuna jambo.

"Jeannine," akasema, akinisukumia karatasi juu ya kaunta. "Wamekosea hawa. Niambie wamekosea."

Mimi huuza chakula cha mifugo, misumari na chumvi ya kumwaga kwenye barafu. Kodi si kazi yangu. Lakini watu wa Alder Notch wamenichagua mara nyingi kuwa mwenyekiti wa mkutano mkuu wa mji, yaani yule anayeshika nyundo na kuzuia majirani wasitukanane, kwa hiyo kila lenye utata huishia kwenye kaunta yangu. Niliisoma bili yake. Kisha nikafungua droo nikatoa yangu, ambayo sikuwa nimepata ujasiri wa kuifungua. Yake ilikuwa imepanda zaidi ya dola elfu mbili kwa mwaka mmoja. Yangu ilikuwa inaifuata kwa karibu.

"Hawajakosea," nikasema.

Alikaa juu ya gunia la mahindi ya kuku kama mtu aliyesukumwa kifuani.

Katika jimbo letu mshahara haukatwi kodi ya jimbo, wala ukinunua kitu dukani huongezewi senti. Wageni hutuonea wivu mpaka waone bili ya nyumba. Shule, zaidi ya kitu kingine chochote, imebebwa na mapaa yetu na ardhi yetu. Merritt alikuwa na miaka sabini na mmoja, mjane, na ekari sitini alizoachiwa na baba yake: miti ya mepo, ambayo utomvu wake huchemshwa ukawa shira, malisho ya ng'ombe wachache, na kipande cha juu kinachotazama ziwa. Kile kipande ndicho kilichomponza. Matajiri wa Boston walipoanza kujenga karibu na ziwa, thamani ya ardhi yake ilipaa, na yeye mfukoni akabaki na upepo uleule.

"Ni shule," akasema. "Sikiliza, mimi sichukii shule. Binti yangu Corinne alisoma pale. Lakini kila mwaka, shule, shule. Hela zinaenda wapi?"

"Njoo Machi uulize."

"Nitakuja. Na utanipa nafasi, mama wee, usiniletee nyundo yako."

"Nikukatalie wewe, ukanitoe roho?"

Akacheka kidogo. Halafu akanunua mfuko wa mbegu za alizeti, wa ndege, kwa sababu Jumapili alikuwa anakuja mjukuu wake. Hattie alikuwa na miaka tisa. Hakuwa akisema maneno, na kifafa kilimshika mara nyingi kwa siku, lakini alipenda kuingiza mikono yote miwili ndani ya mbegu na kuzisikiliza zikimwagika, na babu yake angeweza kukaa naye ghalani saa nzima akimmwagia.

"Anaendeleaje huko shuleni kwake?" nikauliza. Hattie alikuwa amehamishiwa shule maalumu, mwendo wa saa moja na zaidi, na gari dogo lilimchukua mlangoni kila alfajiri.

Uso ukamng'aa. "Juzi amenyoosha kidole, akachagua tufaha badala ya ndizi. Mwenyewe! Corinne alilia kwenye simu. Na hatoi hata senti, unajua? Sheria ya Washington. Serikali nayo, mara mojamoja inafanya jambo la maana."

Mimi sina mtoto shuleni, na sikuwa najua zaidi ya hayo.

Machi ilipofika tulikutana Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa michezo wa shule, kama kila mwaka, wakazi wote wenye kura, kuamua bajeti ya mji na ya shule. Watu walikuja na mabuti yenye theluji. Akina mama wa kanisa waliuza supu ya maharagwe na donati mlangoni. Nilipogonga nyundo viti vilikuwa vimejaa na wengine wamesimama kando ya ukuta, jambo ambalo sijaliona tangu ugomvi wa daraja. Bili za Desemba zilikuwa zimewatoa watu majumbani.

Tulipofika kwenye bajeti ya shule, Merritt alikuwa wa kwanza kusimama. Amevaa shati jeupe la kupigwa pasi. Ana sauti isiyohitaji kipaza sauti.

"Swali kwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Ukurasa wa pili, hapa chini: elimu maalumu, wanafunzi wanaosomeshwa nje ya wilaya. Miaka miwili iliyopita hapakuwa na kitu. Sasa ni laki moja na sitini elfu. Ni watoto wangapi hao?"

Priscilla Fessenden, mwenyekiti wa bodi, ni mwanamke mpole aliyefundisha hesabu miaka mingi. Alisimama polepole. "Sheria hainiruhusu kulijibu hilo, Merritt."

"Sikuuliza majina. Nimeuliza idadi."

Priscilla alinitazama. Nikasema swali lipo ndani ya utaratibu, ila hakuna anayelazimishwa kulijibu. Alivua miwani yake, akaishika.

"Idadi ni ndogo kiasi kwamba nikiitaja, nitakuwa nimemtaja mtu."

Nadhani aliamini ameficha jambo vizuri. Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja.

"Basi ni mmoja," akasema Merritt.

Priscilla alipauka. Minong'ono ikaanza mbele ikaenda mpaka nyuma. Mtoto mmoja! Laki na sitini! Mtu mmoja kando ya ukuta akapiga mluzi. Niligonga nyundo mara tatu kabla hawajanyamaza.

"Haya," Merritt akaendelea, na sasa alikuwa amegeuka kuwatazama watu badala ya kunitazama mimi. "Mimi sina ugomvi na mtoto yeyote. Mungu ambariki huyo mtoto. Lakini aliyeagiza ndiye alipe! Kama ni jimbo, jimbo lilipe. Kama ni Washington, walipe wao. Wanakaa huko wanapitisha sheria nzuri nzuri, wanapigiana makofi, halafu bili wanamtumia mjane wa hapa mwenye kuku sita. Natoa hoja: bajeti ipunguzwe kwa kiasi hichohicho. Senti kwa senti."

Watu walipiga makofi, wengine wakipiga na miguu. Lyman Stroud, jirani yake wa upande wa bonde, alinyoosha mkono. "Naunga mkono!"

Niliirudia hoja kwa sauti kama utaratibu unavyotaka. Merritt hakukaa. Yale makofi yalikuwa yamempanda kichwani.

"Na hao wazazi wake," akasema, "sijui wanalalaje. Majirani wanauza mashamba, wao kimya. Mimi ningekuwa..."

"Mwenyekiti, naomba nafasi."

Sauti ilitoka nyuma, karibu na meza ya supu. Nilimwona Corinne amesimama, bado na koti lake la kazini, la kliniki ya meno. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika kiti cha mbele yake. Nikaelewa kabla hata hajasema kitu. Mdomo wangu ukatamka yale ninayowaambia wote: "Jina na unapoishi, kwa ajili ya kumbukumbu."

"Corinne Colby. Barabara ya Quarry." Akamtazama baba yake. "Baba, ni Hattie."

Merritt alikuwa bado ameinua mkono wa hotuba.

"Hattie yupi?" akauliza.

Nimewahi kuona fahali wa kilo mia nane akianguka. Sijawahi kuona kitu kama uso wa mzee yule wakati swali lake mwenyewe lilipomfikia masikioni.

"Hattie wetu, Baba."

"Lakini... si ulisema serikali inalipa?"

"Nilisema mimi silipi. Sheria inasema lazima asome, na shule hii haina mtu wa kumwangalia akianguka. Basi wilaya inatakiwa impeleke panapomfaa. Serikali iliamuru tu, Baba. Haikusema inalipa. Wa Washington waliahidi sehemu yao zamani kabla sijazaliwa, hawajawahi kuitoa nzima. Jimbo linatoa kidogo, siku likijisikia. Nilidhani unajua. Kila mtu anajua."

Merritt aligeuka taratibu, akawatazama watu. Mstari kwa mstari. Na mimi kutoka jukwaani niliona alichokiona yeye: nyuso zinainama kwenye vikombe vya supu, moja baada ya nyingine. Nusu ya ukumbi ilikuwa inajua. Walimsikia akiuliza, walimpigia makofi, na hakuna hata mmoja aliyemvuta shati akamwambia, kaa chini, Merritt.

"Naondoa hoja yangu," akasema. Safari hii alihitaji kipaza sauti.

Hapo ndipo ilinibidi niseme jambo ambalo bado linanichoma. Hoja ikishaungwa mkono na kusomwa, si ya mtu tena, ni ya mkutano. Haiondolewi mpaka aliyeiunga mkono akubali. Nikamwuliza Lyman.

Lyman alijikuna shingo. Si mtu mbaya. Mwaka ule alikuwa ameuza matrekta yake mawili. "Pole sana, Corinne," akasema. "Kweli kabisa. Lakini bili yangu iko mezani nyumbani, na haijabadilika. Mimi siondoi."

Watu watano wakaomba kura ya siri, kwa hiyo ikawa kura ya siri. Walipita mmoja mmoja mbele ya sanduku, bila kutazamana. Merritt alipiga kura kuikataa hoja yake mwenyewe. Najua kwa sababu alisimama mbele yangu akaniambia, kama mtoto anayetaka shahidi. Tulipomaliza kuhesabu nikahesabu tena, maana sikuamini. Hata sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine ikisema hoja imepita.

Hakuna aliyeshangilia. Nadhani hata waliopiga ndiyo walikuwa wametegemea wengine wapige hapana.

Priscilla ndiye aliyesimama. "Naomba muelewe mlichopitisha," akasema. "Zile fedha za huyo mtoto hatuwezi kuzigusa. Hata mngepiga kura mia. Ni haki yake kisheria. Kwa hiyo hizo laki na sitini zitatoka kwingine."

"Kwingine wapi?" Lyman akauliza.

"Gari za watoto wadogo zina sheria. Chakula kina sheria. Mitihani ya jimbo ina sheria, vizima moto vina sheria, ripoti tunazoandika kila mwezi zina sheria. Zitatoka kila mahali ambapo hakuna sheria."

"Maana yake nini, Priscilla? Sema lugha ya kawaida."

"Muziki," akasema. "Maktaba. Kifaransa. Mpira. Na mwalimu mmoja wa darasa."

Mwanamke aliyekuwa amekaa mbele, mwenye watoto watatu, aliangusha kikombe cha supu. Kilibingirika mpaka chini ya jukwaa, na hakuna aliyejisumbua kukiokota.

Ilikuwa kama alivyosema. Kufikia Mei mwalimu wa muziki alikuwa amepata kazi kusini na kuondoka. Maktaba ilifungwa kwa kufuli. Darasa la tatu na la nne waliambiwa kwamba Septemba watakaa chumba kimoja. Watu waliokuwa wakizungumzia kodi dukani kwangu sasa walizungumzia mtoto. Hawakumtaja jina. Walisema "yule".

Siku moja Corinne alikuja kununua misumari. Mama mmoja, ambaye namfahamu vizuri na sitamtaja, alimpisha kwenye njia kwa adabu zote, kisha akasema, "Natumaini huko anakosoma wenu kuna muziki."

Corinne aliweka mfuko wa misumari chini, palepale alipokuwa, akatoka. Nilimwambia yule mama asirudi dukani kwangu mpaka apate la maana la kusema. Lakini nilichelewa. Wiki hiyohiyo mtu alipita usiku Barabara ya Quarry akalivunja sanduku la barua la Corinne kwa rungu la besiboli. Vijana huvunja masanduku ya barua kwetu kila majira ya joto, kwa upuuzi tu. Hili lilivunjwa peke yake barabara nzima.

Corinne akaweka bango la kuuza nyumba.

"Nahamia mjini," alimwambia baba yake. "Mji mkubwa, Baba. Wapo elfu arobaini kule. Hattie akigawanywa kwa watu elfu arobaini, hakuna atakayemwona."

Merritt alinisimulia hayo akiwa amesimama katikati ya duka, mikono ikining'inia. "Akigawanywa," akarudia. "Mwanangu ananiambia mjukuu wangu agawanywe."

Kesho yake asubuhi alikwenda kwenye mgahawa ambako wanaume hunywa kahawa kabla ya kazi. Hakuvua koti. Aliwaambia, "Hoja ilikuwa yangu. Si ya Corinne, si ya mtoto. Mwenye hamu ya kuvunja sanduku la barua, langu liko juu kilimani, la kijani, hamlikosi. Nitaacha taa ikiwaka." Lyman alikuwepo. Nasikia alilipa kahawa yake akaondoka bila kumaliza mkate, na mchana akaonekana Barabara ya Quarry na nguzo mpya ya mwerezi ya kushikilia sanduku la barua, akichimba shimo. Corinne alimtazama kupitia dirishani, hakutoka. Lyman naye hakugonga mlango.

Mwezi ule kulikuwa na muswada katika bunge la jimbo: kwamba mtoto wa namna ya Hattie, gharama yake ilipwe na jimbo zima. Kamati ilikuwa inapokea maoni ya wananchi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Royce Haddock, mbunge wetu sisi wenyewe, ambaye bango lake limesimama uwanjani kwa Merritt kila uchaguzi. "Royce namjua," Merritt akasema. "Royce amekula keki jikoni kwangu. Akishaelewa, imekwisha hiyo." Tukaenda na gari langu, yeye, Corinne na mimi.

Tuliambiwa kila mtu ana dakika mbili. Merritt alikuwa ameandika maneno yake, lakini alipokaa kwenye kile kiti aliyakunja.

"Mimi ni mpumbavu aliyepunguza bajeti ya shule kwa sababu ya mtoto mmoja, na mtoto huyo ni mjukuu wangu," akasema. "Nilidhani ninyi mnalipa. Mnaagiza chakula, mnaondoka mezani, bili inaletwa kwetu. Sheria ni nzuri. Mjukuu wangu amejifunza kuchagua tufaha. Ila mmetufanya tumtazame mtoto wa miaka tisa kama deni. Sijui mnajua hilo. Ndilo nililokuja kusema."

Mbunge mmoja alijifuta macho. Nikamshika Corinne mkono, nilidhani tumeshinda.

"Asante, Merritt, umesema vizuri sana," akasema Royce Haddock. "Hakuna hata mmoja hapa asiyeipenda sheria hii."

"Kuipenda ni bure, Royce."

Watu wakacheka kidogo. Kisha, kabla hatujavaa makoti, wakapiga kura kuupeleka muswada kwenye uchunguzi zaidi. Mimi sikuelewa. Mwanamke wa meza ya mlangoni ndiye aliyetueleza, kwa huruma, kwamba wanapotaka kuzika kitu bila matanga ndivyo wanavyosema.

Royce alitukuta kwenye korido. Alimwekea Merritt mkono begani. "Wewe mtu mzima, utanielewa," akasema, bila hata kupunguza sauti. "Jimbo likilipa, itabidi jimbo litoze. Na sisi tuliahidi kutotoza, ndiyo maana mnatuchagua. Mkitozana ninyi wenyewe kule, hiyo ni kodi yenu. Si yetu."

Alisema hivyo akitabasamu. Halafu akauliza habari za shira, mwaka huu imetoka vizuri?

Merritt akatangulia kwenda kwenye gari. Tulikuwa tumeshatoka barabara kuu, tumeingia kwenye miti, ndipo alipofungua mdomo.

"Nitagombea," akasema.

"Nini, Baba?"

"Kiti cha Royce. Nitagombea."

Corinne aliangua kicheko. Alicheka mpaka akalazimika kufungua dirisha, na alipomaliza alikuwa analia, na baba yake kwenye kiti cha nyuma alikuwa amekaa wima kama mwanafunzi aliyeitwa jina.

Sikudhani ana hata nafasi ndogo ya kushinda. Lakini bili za katikati ya mwaka zilikuja, na zilikuwa zimepanda tena. Ndiyo, zimepanda, pamoja na muziki kuondoka na maktaba kufungwa. Jimbo lilikuwa limepunguza ule msaada wake mdogo, na likaongeza mchango ambao kila mji unatakiwa kuutoa kwa pensheni ya walimu. Nakumbuka foleni ya watu dukani wakiwa wameshika bahasha, hakuna anayepiga kelele. Nyuso zao zilikuwa za watu walioamka wakakuta mlango uko wazi na vitu havipo. Walikuwa wamemtoa kafara mtoto wa jirani, na hata hawakupewa kitu.

Lyman alikuwa wa kwanza kusimika bango la Merritt uwanjani kwake. Novemba, Merritt akashinda. Royce alimpigia simu kumpongeza, na Merritt kwa mshtuko akamwambia, "Samahani."

Corinne aliling'oa lile bango la kuuza nyumba, akalitupa ghalani. Hakutoa maelezo, na hakuna aliyemdai.

Ningependa kuishia hapo, lakini sivyo ilivyokuwa. Februari, jioni moja wakati nafunga duka, Merritt aliingia na suti ya bunge, tai imelegea. Alikaa juu ya ngazi ya kupandia rafu.

"Jeannine, hutaamini nilicholetewa mezani leo."

Kulikuwa na muswada, akanieleza. Kila gari la shule linalobeba mtoto mwenye kifafa liwe na mtu aliyefundishwa kumhudumia. Mama mmoja alikuja mbele ya kamati na picha ya mwanawe. Mtoto alishikwa na kifafa ndani ya gari, dereva peke yake, kwenye barabara ya milimani, hakuna mahali pa kusimama. Walipofika shuleni alikuwa amekwisha kufa.

"Alikuwa na miaka kumi," Merritt akasema. "Aliiweka picha mbele yangu mimi, kwa sababu nilikuwa nimekaa pembeni. Nikauliza lile swali langu: nani atalipa? Wakanitazama kama nimetema mate kanisani. Nikasema niongezewe kifungu, jimbo litoe fedha. Wakapiga kura, kikaanguka. Royce, ambaye bado huja kutazama kutoka viti vya wageni, alikuwa ameniambia kitaanguka. Halafu muswada ukarudi mbele yangu mtupu, bila senti. Ndiyo au hapana."

"Ukafanyaje?"

Alitazama mikono yake.

"Hattie anapanda gari lile kila siku. Saa nzima. Na dereva ni mmoja."

"Merritt, ukafanyaje?"

"Nikapiga ndiyo."

Akilini nilimwona Lyman na nguzo yake ya mwerezi. Nilimwona Priscilla akivua miwani. Yule mzee aliyesimama katika ukumbi wa shule akasema aliyeagiza ndiye alipe, sasa ameagiza yeye, na bili itakuja kwetu Desemba.

"Wote walipiga ndiyo?" nikauliza.

"Wote. Na kila mmoja wao ana mama na picha, Jeannine. Ndivyo inavyokuwa. Nilidhani wale ni watu wabaya." Akavua tai kabisa, akaikunja mfukoni. "Lyman atanichinja."

"Atakuchinja."

"Bora nimfuate mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine."

Alikwenda usiku uleule. Kilichosemwa jikoni kwa Lyman sikijui chote. Lyman aliniambia tu kwamba alipiga kelele mpaka mbwa akajificha, kisha mkewe akatoa viazi, wakala. Masika yale Merritt aliuza kile kipande cha juu kinachotazama ziwa, kwa daktari wa meno wa Boston, ili amudu kodi ya kilichobaki. Tangu siku hiyo kila muswada wa shule unaopita kwenye kamati yake huuwekea kifungu chake cha fedha, na kila mara kinaanguka, ila mara ya mwisho kilianguka kwa kura mbili tu, na Royce, aliyekuwa amekaa sehemu ya wageni, alitoka nje bila kumsalimia mtu.